Jambo Lisitoke Nje

4 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu, na kama hospitali yenu bado inakufulisha mashuka ya watu wazima wanaojikojolea, pokea na pole. Mimi mzima. Cherehani nayo nzima, ila inakohoa.

Usishangae kuletewa barua na dereva wa basi wakati simu zipo. Unajua chumba changu na cha jirani vimetenganishwa na ubao tu, na yule mama hata nikipiga chafya ananiitikia "afya" kutoka kwake. Haya ninayokuandikia sitaki asikie mtu.

Ni habari za Chiriku. Mwezi uliopita alikataa kwenda mazoezi ya kwaya ya watoto. Nikamgombeza, nikamwambia uvivu haurithiwi kwetu. Basi huyu mtoto wangu, ambaye tulimpa jina hilo kwa sababu anaongea mpaka usingizini, akakaa chini kwenye vitambaa vyangu akasema mwalimu wa kwaya humbakiza nyuma wenzake wakiondoka. Akaniambia na mengine. Hayo siyaandiki, kalamu ina haya hata kama yule bwana hana. Ana miaka kumi na moja, mdogo wangu.

Kulipokucha nilikwenda moja kwa moja kwa wazee wa kanisa. Kusema kweli hawakunizungusha. Walimwita mwalimu siku hiyohiyo. Alipiga magoti, akalia, akakiri yote mbele ya wazee watano na mimi. Mzee Kiongozi naye alitoa machozi. Wamemsimamisha kwaya mwezi mzima. Halafu likafanyika lile tunalofanya siku zote kanisani kwetu watu wakikoseana: mkosaji na mkosewa wanasimama katikati, wanapeana mkono, mkosewa anasema "yameisha", na kuanzia hapo hakuna ruhusa mtu kulitaja tena. Chiriku alimpa mkono. Alilisema neno vizuri tu.

Mimi niliwaomba kitu kimoja, jambo lisitoke nje, maana mtoto wa kike jina lake ni hilo moja. Walikubali bila kusita, Mungu awazidishie.

Kwa hiyo nimeshashitaki na limeshaamuliwa. Ninachotaka kwako ni maombi, hata hayo yako ya mtu asiyekanyaga kanisani. Mtoto ameharibika adabu ghafla. Anakula kwa mkono wa kushoto. Nimemchapa kiganja, nimemwondolea sahani, wapi. Wageni wamekaa, yeye anatia mkono wa kushoto kwenye chakula kama mtu asiye na kwao. Mwandikie wewe, labda atakusikia.

Dada yako,
Fundi


19 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimekaa juu ya lundo la mashuka, na sikuinuka mpaka msimamizi aliponifuata.

Kabla sijakukosea heshima nikuulize: alimpa mwalimu mkono upi?

Mtoto hana adabu mbovu, dada. Ule mkono hautaki tena. Usimchape, nakuomba, nakushika miguu, usimwondolee sahani.

La pili. Wewe hujashitaki popote. Umewaambia wazee wa kanisa, basi. Hapa kwetu kuna afisa wa ustawi wa jamii, mama mmoja mkali kama pilipili, nikamuuliza kana kwamba ni habari ya mtu nimeisikia kwenye foleni. Anasema sheria inamtaka kiongozi yeyote, awe wa shule, wa kituo au wa dini, akisikia mtoto ameumizwa apeleke habari polisi. Si hiari yake. Hakuna mahali sheria imesema "isipokuwa kama mkosaji amelia vizuri". Wakinyamaza, na wao wana kosa, na kanisa lao lina kosa. Nilimuuliza mara mbili maana nakujua utabisha.

Mwezi mmoja, dada. Yule kijana aliyevunja kioo cha kanisa kwa mpira alifungiwa zaidi ya hapo. Na huo mwezi ukiisha? Atarudi kuwapanga watoto mistari, na mama zao wanamletea maji ya kunywa, kwa sababu wewe na wazee wako mmekubaliana wasijue.

Najua utasema mimi nilihama kanisa zamani, sina haki ya kusema. Sawa. Lakini mficha uchi hazai. Nenda polisi. Ukiogopa kwenda peke yako niambie, nitaomba ruhusa, wakikataa nitaumwa tumbo.

Mdogo wako,
Kichwa Ngumu


11 Machi

Kichwa Ngumu,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ilikuja na kofi.

Nilikasirika. Barua yako niliitia kwenye droo ya nyuzi nikaigeuzia mgongo. Mume wangu alipofariki ulikuja, ukalia, ukarudi kazini. Sikulaumu, kazi ni kazi. Lakini nani alichimba kaburi? Nani alikaa na mimi mpaka nikaanza kula? Hii cherehani alinipa nani? Majoho yote ya kwaya nimeyashona mimi, pamoja na lile la mwalimu, kiuno chake nakijua kuliko anavyokijua mwenyewe. Kuniambia niwashitaki wale watu ni kuniambia nichome nyumba na mimi nimo ndani.

Lakini mkono. Nilimuuliza Chiriku kwa nini wa kulia hautumii. Akasema, "Huu nilimpa mwalimu." Hakulia wala nini, aliongea kama mtu anayekueleza ndoo iko wapi. Nikamrudishia sahani yake.

Mwezi ulipokwisha mwalimu hakurudi kwetu, na mimi nikashukuru. Kumbe. Jumapili ikatangazwa kwamba ametumwa kwenye kanisa letu dogo la ng'ambo ya mto, akaanzishe kwaya ya watoto. Watu wakampigia vigelegele. Na mimi mkono wangu ulipiga makofi, mdogo wangu, kwa mazoea tu, halafu ndiyo masikio yakasikia.

Nilimfuata Mzee Kiongozi ofisini. Nikamuuliza, wale wa ng'ambo wameambiwa? Akanitazama kwa huruma kabisa. Akasema, "Mama, yale yamekwisha. Ukiyataja, wewe ndiye unayevunja upatanisho, na itabidi uje utubu wewe." Halafu akaniagizia soda.

Soda niliiacha palepale. Nilitoka nikaenda kituo cha polisi na joho la mtu begani, sijui hata nililibeba la nini. Kuna askari wa kike pale wa kitengo cha watoto. Alinifanya niseme yote, hata yale nisiyokuandikia. Aliuliza kwa nini nimechelewa. Nikamwambia sikuchelewa, nilikwenda siku ileile, ila nilikwenda mlango mwingine.

Sasa ndiyo nimeanza. Uje, hata kwa hilo tumbo lako la uongo.

Fundi


2 Juni

Dada,

Shikamoo tena na tena. Tangu nilipotoka huko mwezi wa nne sijatulia, kila simu ikilia nadhani ni wewe.

Nimeongea na yule mama wa ustawi. Amefurahi mpaka kanipa chai yake. Anasema ni mara chache sana anasikia wazee wa kanisa wenyewe wamepelekwa mahakamani. Mwalimu kwa alichokifanya, wazee watano kwa kunyamaza, na kanisa kwa kumpa watoto wengine huku linajua. Anasema kanisa kwenye sheria ni kama mtu, linaweza kusimama kizimbani kama wewe na mimi. Nikamwambia hilo nitalipenda kuliona, kanisa zima linasimama linaulizwa maswali na halina pa kuangalia.

Usiogope. Hii kesi nyepesi, dada. Mtu alikiri mwenyewe mbele ya watu sita. Mashahidi tunao, na wote ni watu wa Mungu, watalishika Neno mkononi waape. Watadanganyaje? Kinachobaki ni Chiriku kusema kidogo tu. Nimeambiwa wanaweka pazia, hataonana naye uso kwa uso.

Mwambie Mama Mdogo anasema awe jasiri siku moja tu, baada ya hapo hatamsumbua mtu tena maishani. Mwambie aniandikie.

Kichwa Ngumu


20 Juni

Mama Mdogo,

Shikamoo. Mama amesema nikuandikie ili nizoee kusema.

Wakili wa serikali ni mama mzuri, ana viatu vya buluu. Ameniambia nitakaa nyuma ya pazia na mwalimu hataniona. Lakini atanisikia. Yeye ndiye alinifundisha kutoa sauti, ataijua hata nikinong'ona.

Nina swali. Mwalimu aliyasema yote mwenyewe, mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Wazee wote walisikia. Kwa nini wasiseme wao? Wao ni wakubwa na ni wengi. Mimi niliposema yameisha walipiga makofi, Mzee Kiongozi akasema mimi ni mtoto jasiri. Sasa na wewe umesema niwe jasiri. Ule ujasiri wa kwanza ulikuwa mbaya?

Nikisema tena watu watajua nilidanganya mbele ya wazee.

Mama siku hizi ananichotea chakula mwenyewe na haangalii mkono. Ananunua biskuti. Anaongea peke yake akishona.

Usimwambie kwamba sitaki kwenda. Atakosa raha.

Chiriku


9 Septemba

Mdogo wangu,

Umesikia juujuu, nikuandikie ujue kilichotokea, kwa sababu ukinipigia simu nashindwa.

Ukumbi ulijaa. Walikuja wote, wamekaa upande mmoja, na karibu nusu yao wamevaa nguo nilizoshona mimi. Nilikuwa nazitambua pindo zangu. Hakuna aliyenisalimia isipokuwa mpiga kinanda, naye alisalimia kwa macho akayashusha.

Walianza na Chiriku. Pazia liliwekwa kama walivyosema. Yule wakili wa viatu vya buluu akamuuliza polepole, mama, tueleze, ilikuwaje siku zile za mazoezi. Akauliza tena. Hakimu naye akamwambia, mjukuu wangu, hapa hakuna wa kukugusa. Tukasubiri. Nilisikia kiti chake kinalia kule nyuma. Halafu akasema, "Yameisha."

Wakamuuliza nini kimeisha. Akasema tena vilevile. Hakuongeza lingine mpaka walipomtoa.

Haya, nikajipa moyo, wazee wapo. Wakaitwa mmoja mmoja. Hawakudanganya, mdogo wangu, wewe ulisema watadanganyaje, na kweli hawakudanganya. Kila mmoja alisema, "Kilichosemwa kwenye toba hakitoki kwenye toba." Wote watano, kwa maneno yaleyale, kama wamekariri ubeti. Wakili wa kanisa akasimama akaeleza kwamba huo ni wajibu wa ibada, na kwamba mtu hawezi kulazimishwa kutoa siri ya mtu aliyemlilia Mungu. Kuhusu kanisa lenyewe, akasema mwalimu hakuajiriwa. Hana mshahara, hana mkataba, ni muumini aliyejitolea kuimba na watoto kwa mapenzi yake. Kanisa haliwezi kubeba mzigo wa kila anayependa kusaidia.

Kisha akanigeukia mimi. Kijana mdogo, sauti laini, ananiita mama.

"Mama, ni nani aliyeomba jambo hili lisitoke nje?"

Nikasema, mimi.

"Kwa hiyo wazee walitimiza ombi la mzazi?"

Nikamwambia, mimi nilidhani nimeshashitaki. Kuna mtu upande ule akacheka, si kwa ubaya, alicheka kama unavyomcheka mtoto aliyevaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Nilitaka kuwaeleza. Kwamba kwetu sisi tangu tumezaliwa, mume akipiga ni wazee, shamba likigombaniwa ni wazee, mtu akiiba kuku ni wazee. Mimi polisi nilikuwa napita tu nje nikienda sokoni. Wao wenyewe ndio walitufundisha hivyo, kila Jumapili, kwamba ndugu hampeleki ndugu kwa watu wa nje. Halafu wananiuliza mbele ya watu wa nje kwa nini sikwenda nje. Lakini kijana alikuwa ameshakaa.

Mahakama imesema inasikitika. Imesema bila maneno ya mtoto na bila ya wazee, neno langu mimi mama peke yangu halitoshi kumshika mwalimu, na wazee hawawezi kuadhibiwa kwa kuficha kitu ambacho hakikuthibitika kwamba kipo. Tumeambiwa tunaweza kukata rufaa. Wakili wa serikali alinishika bega, hakusema tukate.

Walitoka wakiimba. Aliyeshika sauti ya pili alikuwa mwalimu.

Majoho yamechukuliwa yote, hata yaliyokuwa hayajamalizika. Sina nguo ya mtu hapa ndani. Jirani wa ubao siku hizi nikipiga chafya hasemi kitu. Chiriku anakaa chini ya meza ya kukatia vitambaa, namwachia, nampitishia sahani huko. Jana ameniuliza, "Mama, nimekuharibia?" Nikamwambia hapana. Aliona kwamba nimechelewa kujibu.

Nimechoka, mdogo wangu. Siombi tena, na hilo linaniuma kuliko kesi.

Fundi


22 Septemba

Dada,

Shikamoo.

Chiriku aliniandikia mwezi wa sita kwamba hataki kwenda. Akaniomba nisikuambie. Nilinyamaza, maana niliitaka ile kesi. Niliitaka kwa sababu yake, na niliitaka pia kwa sababu yangu, niwaone wale wazee wamebanwa. Nilikudanganya kwamba ni nyepesi, na mimi sheria naijua kwa kuulizia kwenye foleni ya chai.

Rufaa nimeuliza. Yule mama mkali safari hii hakuwa mkali. Alisema, "Mtoto yuko tayari kusema?" Nikarudi kwenye mashuka yangu.

Mlete Chiriku kwangu. Chumba ni kimoja, lakini hapa hakuna anayemjua. Na wewe njoo ukiweza. Najua hutakuja, makaburi yako yako huko. Basi mlete yeye.

Mdogo wako


3 Novemba

Kwa Fundi,

Dada, hunijui. Mimi ni mke wa seremala, nasali kanisa dogo la ng'ambo ya mto. Mpiga kinanda wenu ndiye aliyenielekeza kwako, akanisihi nisimtaje, na mimi nimeshamtaja, nisamehe.

Nina mapacha wa kike wa miaka tisa. Wote wako kwenye kwaya ya watoto. Mwalimu ni mpole, watoto wanamkimbilia, hata mume wangu ambaye hampendi mtu anampenda. Tuliambiwa alisingiziwa na mwanamke mmoja huko kwenu na mahakama ikamsafisha.

Sasa yule pacha mkubwa, ambaye ndiye msemaji wa nyumba nzima, hataki mazoezi. Anasema anabakizwa nyuma kupanga vitabu. Mwenzake habakizwi. Nikimuuliza zaidi ananuna. Sitaki kumdhania mtu wa Mungu vibaya. Lakini nimekosa usingizi, nikaona nikuulize mama kwa mama. Ulimsingizia?

Mke wa seremala


8 Novemba

Mke wa seremala,

Sikumsingizia.

Watoe watoto wote wawili leo, usingoje Jumapili. Huyo mkubwa usimgombeze na usimuulize mbele ya watu. Mkalishe karibu na kazi yako, mikono yako ikiwa na shughuli, atasema. Akisema usimkatize, na usilie mpaka amalize. Ukitoka hapo nenda naye hospitali, kisha polisi. Katika kituo cha huku kwetu kuna askari wa kike wa kitengo cha watoto. Mwambie umetumwa na Fundi wa majoho, atakumbuka.

Usiende kwa wazee. Narudia kwa sababu najua moyo wako utakupeleka huko kama ulivyonipeleka mimi. Hawatakufukuza. Watakupokea vizuri, watalia na wewe, watakuita mama. Nilikuwa nadhani watu wabaya wanajulikana kwa ukali wao. Ukishawaambia wao kwanza, hakuna atakayekusikia tena baada yao.

Wangu hakai tena na mimi. Yuko kwa mdogo wangu, anasaidia kukunja mashuka. Haongei, lakini nimeambiwa anacheka mashine zikianza kuzunguka.

Nijibu upesi hata kwa neno moja.

Fundi


16 Novemba

Dada Fundi,

Asante sana kwa barua yako. Niliisoma nikalia, nikampa mume wangu naye akaisoma. Alisema ina uchungu wa mtu aliyeshindwa kesi, lakini tusiipuuze. Mtoto alisema. Ni kweli, dada. Ni kweli tupu.

Polisi ni mbali na tungeonekana na kila mtu pale kivukoni. Kwa hiyo tumekwenda kwa wazee, lakini usiwe na wasiwasi, si wale wenu. Hawa wa kwetu nawajua tangu nazaliwa, mmoja ni kaka wa mama yangu. Wamelichukua kwa uzito mkubwa mno. Mwalimu ameitwa jioni ileile. Alilia mpaka tukamwonea huruma, na ameahidi mbele ya wote kwamba ni mara ya mwisho. Sasa ndiyo nimeamini kwamba wewe hukusema uongo, na Jumapili jambo likishamalizwa nitawaambia wanawake wenzangu wasikuseme vibaya, bila kuwaeleza kisa.

Nina ombi. Nasikia hakuna fundi kama wewe na kwamba siku hizi huna kazi nyingi. Mtoto atasimama katikati Jumapili hii, na sitaki asimame na gauni la kurithi. Vipimo vyake nimeviandika nyuma, kitambaa chagua wewe, chochote kisichochafuka upesi. Nimemwambia fundi hasa atamshonea gauni lake peke yake, hata asante hakusema. Nimemgombeza sana.

Mke wa seremala